Capcom vs. SNK ya kwanza na ya pili: tupeane uzoefu, ulipigana kwa gruvu (mtindo wa kupigana) gani?

Mwanzisha uzi

Wakuu, habari zenu. Tangu mkusanyiko wa gemu wa Capcom Fighting Collection 2 utoke Mei 2025 ukiwa na Capcom vs. SNK Pro (ya kwanza iliyoboreshwa) na Capcom vs. SNK 2 ndani yake, ubishi wa zamani umeamka: ipi kali, ya kwanza au ya pili? Ninachoona kila mahali ni orodha za wahusika wenye nguvu. Hizo tunazo za kutosha. Naomba hapa tusikie habari za watu waliozicheza: ulimchukua nani, nini kilikunasa, nini kilikukera, na kwa nini bado unazitaja.

Nianze mimi. Kwa wasiofahamu, hizi ni gemu za kupigana zilizokutanisha nyumba mbili za Kijapani zilizokuwa mahasimu: Capcom wa Street Fighter, na SNK wa Fatal Fury na King of Fighters. Uhasimu wenyewe ulikuwa kama wa ndugu wa damu. Takashi Nishiyama, aliyeongoza Street Fighter ya 1987, alihamia SNK na akawa miongoni mwa waliotengeneza Fatal Fury mwaka 1991. Kwa hiyo mwaka 2000, Ryu na Terry Bogard waliposimama uso kwa uso, kwangu walikuwa kama watoto wa baba mmoja waliolelewa nyumba tofauti.

Gemu ya kwanza niliipenda kwa kukutanisha watu, ila ilinibana kwenye kupanga kikosi. Kila mhusika alikuwa na uzito wake uliokwisha kupangwa, kuanzia 1 hadi 4, na kikosi chako kisizidi 4. Sakura 1, Ryu 2, Geese 3, Akuma 4. Mimi nilitaka Terry, Kyo na Sakura pamoja. Mbili na mbili na moja ni tano, basi, haiwezekani. Kila mara nilimwacha mmoja nje na iliniuma.

Ya pili ilipokuja mwaka 2001 ikakufungulia mlango: chukua hadi watu watatu, zile pointi 4 ugawe mwenyewe. Halafu ikaja na gruvu sita, C, A, P, S, N na K, kila moja na sheria zake za kukimbia, kukwepa, kujaza geji (mstari wa nguvu) na kupiga supa (pigo kubwa linalotumia nguvu hiyo). Mimi nilitua N, ile yenye harufu ya King of Fighters: unakimbia, unabingirika, unaruka vihopu (miruko mifupi), unaweka akiba ya supa. Ya kwanza ilikuuliza unamtaka nani. Ya pili iliuliza pia unataka kupigana vipi, na ndiyo maana kwangu hakuna ubishi, ya pili iko juu. Karibuni.

Makonde Mazito

Mkuu, nakuheshimu ila hapo kwenye kubanwa sikubaliani na wewe. Utamu wa ya kwanza ulikuwa hapohapo. Ukimtaka Geese, jua umebakiza nafasi ya mtu mmoja tu wa uzito 1, na lazima umjue vizuri kwa sababu siku Geese akianguka huyo mdogo ndiye atakayemaliza kazi. Mimi nilikuwa na King. Nilimjifunza kwa sababu sikuwa na namna nyingine, na mpaka leo ndiye mhusika ninayemjua kuliko wote katika gemu yoyote ya kupigana. Ningekuwa huru kama kwenye ya pili, nisingemgusa kabisa.

Halafu vitufe vinne. Ngumi mbili, mateke mawili, basi. Mechi ilikuwa safi. Kuna watu niliokaa nao pembeni ya mashine, hawakuwahi kucheza gemu ya kupigana, wakaelewa mambo ndani ya raundi chache. Ya pili ilirudisha vitufe sita na ikaongeza gruvu sita juu yake. Wale watu sikuwaona tena kwenye mashine.

Bi. Brashi

Mimi niliingia kwa macho kabla ya mikono. Shinkiro wa upande wa SNK na Kinu Nishimura wa Capcom, kila mmoja akichora wahusika wa nyumba zote mbili! Shinkiro anakupa nyuso zenye kivuli na ngozi kama za watu unaoweza kukutana nao. Nishimura anakupa mistari inayotembea hata picha ikiwa imetulia. Nilikuwa nakaa kwenye skrini ya kuchagua wahusika mpaka muda unaisha, dada yangu ananigombeza nichague twende. Nilikuwa nanakili zile sura kwenye daftari la shule. Leo nachora kwa ajili ya kazi, na kama ningeambiwa nitaje walimu wangu, hao wawili wangekuwa wa kwanza.

Kwa hiyo mnielewe nikisema Morrigan aliniumiza moyo. Wahusika wa SNK Capcom waliwachora upya, Terry amejaa, Mai anapendeza, Rugal anatisha. Halafu anatokea Morrigan na mchoro wake wa Darkstalkers, gemu nyingine ya Capcom, wa miaka ya tisini, mwembamba, rangi bapa, kana kwamba amebandikwa juu ya skrini. Na ya pili ilimwacha vilevile! Nyuma yake kuna ulingo wa 3D unaong'aa, ndiyo tofauti inazidi kuonekana. Naipenda ya pili, naicheza mpaka leo, ila mhusika ninayempenda kuliko wote alistahili kuchorwa upya.

Mpangua Makombora

Gruvu P tangu siku ya kwanza. Nilitoka Street Fighter III nikiwa nimezoea kupangua, yaani kusukuma kijiti mbele sekunde ileile pigo linapofika badala ya kuzuia kwa kurudi nyuma. Watu waliniambia niachane na P kwa sababu geji yake inakupa supa moja tu, ya kiwango cha tatu, na ni lazima ijae kwanza. Ni kweli, ni ngumu. Lakini yule mtu anayerusha makombora toka mwisho wa ulingo akiona umepangua la kwanza, la pili, la tatu, huku unatembea kumfuata, utaona mkono wake unaanza kusita. Kwa hilo tu nisingebadilisha gruvu hata ningelipwa.

Kitufe Sita

Naongeza la gruvu K, kwa sababu naona litasahaulika. Ukizuia pigo kwa wakati kamili, unarudishiwa uhai kidogo na hasira, yaani geji ya K, inapanda. Ukipigwa, hasira inapanda. Ikijaa, mapigo yako yote yanakuwa mazito kwa muda, na supa ya kiwango cha tatu iko mkononi. Maana yake unayemshinda ndiye anayegeuka hatari. Mpe Sagat gruvu hiyo halafu uniambie kama utapata usingizi.

Kaka yangu alikuwa na Sagat wa K. Nilimchukia yule Sagat. Kila nikimpiga vizuri nilijua namchokoza. Yeye amehamia mbali siku hizi, tunaongea kwa simu, na bado mazungumzo hayaishi bila kumtaja Sagat.

Mbingirio

Wakuu, hakuna atakayegusa ule mdudu, ile kasoro ya programu? Mimi nitaugusa, maana ndio uliofanya nikae na hii gemu miaka yote.

Kwa wasioujua: gruvu C, A na N zina kubingirika, na mwanzo wa mbingirio haupigwi. Watengenezaji wakaacha mwanya: ukiingiza pigo maalumu ndani ya fremu chache (vipande vidogo sana vya sekunde) za mwanzo, mbingirio unakatika na pigo linatoka, lakini kinga ya mbingirio inabaki. Sasa fikiria Blanka anatoa umeme na mapigo yako hayamgusi. Honda anakuja na kichwa chake na kombora lako linampita katikati.

Wapo waliosema gemu imeharibika. Niliwasikia, na kwa mtu anayecheza P, S au K, ambazo hazina mbingirio, hasira yao ilikuwa na haki. Ila kujifunza ule mwanya ni kazi ya vidole na masikio. Unakaa kwenye mazoezi, unasikiliza mlio, unajua kwa sauti kama umeupata kabla jicho halijaona. Nilipouweza, nilianza kuisikia gemu nzima upya: hatua za adui, kelele ya kuruka, kila kitu. Baadaye toleo la EO la GameCube na Xbox liliuondoa. Niliinunua kwa furaha, nikaicheza, nikarudi PlayStation 2. Ilikuwa safi kuliko ya awali na mimi sikuwa na kazi ndani yake.

Mkono Mmoja

Ndugu Mbingirio, ulilolitaja la EO kwangu lina sura nyingine kabisa, na nashukuru umelitaja.

Mkono wangu wa kulia haufungi vizuri tangu utotoni. Kupiga vitufe haraka kwa mpangilio siwezi. Gemu za kupigana nilikuwa naangalia wengine wakicheza. EO ilikuja na mfumo wa kurahisisha: mapigo maalumu na supa zinatoka kwa kusukuma kile kijiti cha kulia cha pedi upande fulani. Watu waliudharau sana, waliuita wa watoto. Mimi kidole gumba kimoja kilinitosha. Nilimchukua Kyosuke, halafu Haohmaru, na kwa mara ya kwanza binamu zangu walipokuwa wanapokezana pedi, zamu yangu ilikuwepo na ilikuwa zamu ya kweli. Walikuwa wananishinda mara nyingi. Mara nyingine niliwashinda, na hawakunionea huruma hata kidogo, jambo lililonifurahisha kuliko ushindi wenyewe.

Siku hizi gemu kubwa za kupigana zinakuja na namna rahisi ya kucheza, na hakuna anayeshangaa. Mimi nakumbuka nani alinifungulia mwaka 2002.

Mbingirio

Mkono Mmoja, asante sana kwa hili. Nimelisoma mara mbili. Nitaliheshimu lile toleo tofauti kuanzia leo.

Shabiki wa Kyokugen

Mimi nitasema la Dan. Capcom walimuumba Dan ili kuwatania mashujaa wa Art of Fighting wa SNK, Ryo na Robert. Nguo ya mazoezi, nywele, kombora linalotoka kwa mkono mmoja na kufia hapohapo. Sasa kwenye ya pili unaweza kumweka Dan na Ryo Sakazaki kwenye ulingo mmoja. Nilifanya hivyo kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Nimekua na Art of Fighting, na nilihisi kwamba hatimaye utani umemfikia mwenyewe na mwenyewe ana nafasi ya kujibu. Nikachukua Ryo. Nikajibu.

Na mwisho wa gemu nao! Akuma na Rugal wanapambana, na kutegemea jinsi ulivyocheza, unakutana na Rugal aliyemezwa na nguvu ya Akuma au Akuma aliyetiwa nguvu ya Orochi aliyokuwa nayo Rugal. Mabosi wa nyumba mbili wanaambukizana. Mpaka leo sijaona gemu ya kukutanisha kampuni iliyothubutu kuchanganya hadithi zake namna hiyo.

Makonde Mazito

Hilo la Rugal nalikubali bila masharti. Ya kwanza haikuwa na kitu cha kulifikia.

Usiku wa Mtandao

Nimezicheza zote mbili utotoni na sasa nazicheza tena kwenye mkusanyiko wa 2025. Tofauti kubwa ni mtandao. Mfumo wa rolbaki unakisia atakachobonyeza mpinzani na kusahihisha kisio likikosewa, hivyo mkono wako hausubiri. Kwa gemu ambayo mambo yake yanaamuliwa ndani ya fremu chache, hiyo si anasa. Nimekutana na watu wanaocheza gruvu S, ile ya kusimama na kujaza geji kwa kushikilia vitufe, ambayo nilidhani imekufa. Wana mbinu ambazo sikuwahi kuziona. Uhai wao ukishuka wanapiga supa za kiwango cha kwanza bila kuhesabu, na wanakusubiri uingie mtegoni.

Jambo jingine: Terry alipoingia Street Fighter 6 mwaka 2024 na Mai akafuata 2025, wadogo zangu walishangilia kama jambo jipya. Niliwawashia ya mwaka 2001. Walikaa kimya kwanza, halafu wakauliza kwa nini haijapata ya tatu. SNK ile ya zamani ilifilisika mwaka huohuo wa 2001, na warithi wake, SNK Playmore, wakatoa SVC Chaos, gemu yao ya kukutanisha nyumba hizo mbili, mwaka 2003 kwa upande wao, lakini Capcom vs. SNK yenyewe iliishia namba mbili.

Mgeni Mpya

Samahanini wakubwa, nimefuatilia uzi wote. Nimenunua huo mkusanyiko wiki hii. Nianze na gruvu gani? Nampenda Athena na Rock Howard.

Mwanzisha uzi

Karibu sana. Umechagua wahusika wawili ambao ya kwanza haikuwa nao, kwa hiyo ya pili inakuhusu moja kwa moja. Anza na C. Inakupa kubingirika, kuzuia hewani, na geji inayojaa hadi kiwango cha tatu ambayo unaitumia kidogokidogo au yote kwa pamoja. Haina kukimbia, kwa hiyo itakufundisha kutembea na kupima umbali. Wape Rock 2, Athena 1, na wa tatu mchukue yeyote anayekuvutia macho, hata kama orodha zinasema ni dhaifu. Usiguse ule mdudu wa mbingirio kwanza. Ukishajua pigo gani la kila mmoja linafika wapi, jaribu N ili uonje kukimbia, halafu K. Makonde Mazito atakwambia ufungue na Pro pia, na hapo msikilize: mechi chache za vitufe vinne zitakusaidia kuona mambo ambayo gruvu sita zinaweza kukuficha.

Makonde Mazito

Umchukue King, uzito 1. Nitakutumia kombo zake, yaani mapigo yake yanayofuatana.