Tupeane uzoefu: Kulala hoteli za ufukweni kwa pointi

Mleta mada

Wakuu, habari za leo.

Wengi humu tuna pointi za hoteli, zile alama za uanachama unazolipia chumba badala ya pesa, zimelala tu kwenye akaunti. Kuna aliyezichuma kwenye semina za Nairobi na Kigali, kuna aliyezipata kwa kadi ya benki akiwa Marekani au Dubai. Hamu yetu ni moja, zigeuke siku chache za baharini na familia bila kutoa dola. Kazi huanza unapoitafuta hoteli yenyewe. Ukiandika Zanzibar kwenye programu ya hoteli na kuchagua "ufukwe", unaletewa kila jengo linaloona maji. Programu haijui kwamba Kiwengwa maji yakipwa unatembea mwendo mrefu kabla hayajakufika magotini, wala haijui kwamba Kendwa watu wanaogelea kutwa nzima.

Mimi naanza na bahari. Nikishajua nataka maji ya wapi na ya mwezi gani, ndipo naangalia ni hoteli gani ya pointi iliyopo hapo. Kwa Unguja, kaskazini (Nungwi na Kendwa) kina kipo karibu na maji hayakimbii. Mashariki yote, kuanzia Matemwe na Pwani Mchangani kushuka Kiwengwa, Michamvi, Paje hadi Jambiani, kuna mwamba mbele na maji hutoka mbali. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika karibu mita 4, na bahari hukauka katikati ya asubuhi, saa ileile watoto wameshavaa nguo za kuogelea. Kwa hiyo hoteli yako ikiwa mashariki, fungua kalenda ya mwezi kabla ya kalenda ya pointi, ulenge siku za maji mafu, ambapo bahari haijai wala kupwa sana.

Hoteli ninazozijua kwa upande wa pointi: Park Hyatt pale Shangani, Mji Mkongwe, Le Mersenne kule Pingwe, iliyo chini ya Marriott, Meliá Kiwengwa yenye mpango wake wenyewe, na Kilindi kule kaskazini kwa wanachama wa GHA Discovery, mpango wa pointi wa hoteli za kampuni mbalimbali. Hoteli huhama kutoka kampuni moja kwenda nyingine, kwa hiyo orodha za zamani mtandaoni zisikupe matumaini. Ingia kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, uione hoteli ikiwa bado ipo.

Karibuni. Semeni mlilala wapi, maji yalikuwaje, na mlitoa pesa gani taslimu juu ya pointi.

Mama Wawili, Kampala

Asante kwa mada, kaka. Mimi pointi zangu ni za Marriott, nyingi zimetoka Sheraton ya hapa Kampala kwenye mikutano ya kazi. Angalizo la kwanza: pointi zinaingia pale chumba kimebukiwa moja kwa moja kwa kampuni ya hoteli na namba yako ya uanachama ipo. Ofisi ikikupitishia kwa wakala wa mtandaoni, kwa kawaida hupati kitu. Niliongea na dada wa manunuzi ofisini, akabadilisha utaratibu, na tangu hapo akaunti imeanza kunenepa.

Tulikwenda Pingwe. Marriott wana utaratibu mzuri sana kwa watu wa likizo: ukibuku usiku tano mfululizo kwa pointi, mmoja kati ya hizo, ule wa pointi chache zaidi, ni bure. Ukikaa nne umejinyima. Hyatt hawana hicho. Hilton wanacho, ila lazima uwe umefika angalau daraja la uanachama la Silver.

Sasa niseme juu ya tumbo, maana hapa ndipo pesa inapokwenda. Pointi hulipia chumba. Pingwe ni mbali na mji, na familia yenye watoto wawili ikila mchana na usiku mezani kwa hoteli, bili ya siku ya kuondoka inaweza kukaribia bei ya chumba chenyewe. Sisi tulibeba matunda na vitafunio kutoka soko la Darajani mjini, na mchana mmoja tukaenda The Rock, ule mgahawa uliojengwa juu ya jiwe baharini. Maji yakiwa yamekupwa unaufikia kwa miguu, yakijaa unavushwa kwa mashua. Watoto wanausimulia mpaka leo.

Usafiri kutoka uwanja wa ndege uulizie bei mapema, na ulinganishe na dereva wa nje.

Kijana wa Kivukoni

Niongezee kwa wanaopitia Dar. Hyatt Regency The Kilimanjaro ipo Kivukoni, unatazama mlango wa bandari, meli na pantoni za Kigamboni zikipishana. Mandhari nzuri mno jioni. Ila ufukwe wa kuogelea hakuna, na programu ukiiuliza "mbele ya maji" itakuletea hii. Ninavyoitumia: usiku mmoja kwa pointi kabla ya boti ya asubuhi kwenda Unguja, kwa sababu gati ya boti ipo karibu. Bahari ya kuogelea unaikuta ng'ambo.

Mtu wa Bamburi

Hamjambo wenzangu. Nitasema kitu ambacho wapenzi wa pointi hawakipendi.

Pwani yetu ya Kenya, toka Diani hadi Watamu, hoteli nyingi za ufukweni ni za watu binafsi au za kampuni za hapahapa. Mahali pa kutumia pointi za kampuni kubwa za Marekani ni pachache mno. Serena ya Shanzu na Sarova Whitesands wana mipango yao ya wanachama, jiungeni nayo kama mnalala kwao mara kwa mara. Kwa waliobaki, silaha yetu ni bei ya mkazi.

Kabla hujagusa pointi, piga simu hotelini uulize bei ya mkazi wa Afrika Mashariki. Ukiwa na kitambulisho au kibali cha kazi, mara nyingi unapewa bei iliyo chini ya ile ya dola ya mtandaoni, na pengine chakula cha jioni kimo ndani. Haya, tupige hesabu. Tuseme chumba ni pointi 40,000, mtandaoni kinauzwa dola 240, na bei ya mkazi ni dola 130. Kwa bei ya mtandaoni kila pointi 1,000 inakuokolea dola 6. Kwa bei yako wewe inakuokolea dola 3 na robo tu. Mimi hapo nalipa shilingi zangu, pointi nazitunza kwa nchi ambako sina ukazi.

Kampuni ya hoteli ya Accor wao ni rahisi zaidi kwa anayeanza: pointi 2,000 ni euro 40 zinazokatwa kwenye bili. Hakuna kuhangaika kutafuta chumba cha pointi, thamani haibadiliki msimu ukipanda.

Mleta mada

Mkuu wa Bamburi, hoja hii ya mkazi ni nzito, nashukuru. Jirani zangu wengi wanachoma pointi Zanzibar wakati kitambulisho cha Mtanzania kingewapa punguzo.

Binti Unguja, Minneapolis

Nami nipo upande wa pili: sina bei ya mkazi, ila wazazi wangu wanayo pasipoti ya kwao na mimi nina pointi. Niliwabukia Park Hyatt ya Shangani kwa maadhimisho ya ndoa yao. Lile jengo la Mambo Msiige walikuwa wakilipita tangu utotoni, safari hii wakalala ndani. Baba alikaa ukumbi wa mbele ya bwawa akitazama majahazi, akanipigia simu kunionyesha. Nilifurahi kuliko ningekuwa mimi.

Kwa wanaotaka kuwafanyia wazee hivyo: hoteli ina vyumba 67 tu, hivyo vile vya kawaida, ambavyo ndivyo vya pointi chache, huisha mapema kwa Krismasi, sikukuu na miezi ya Julai hadi Septemba. Jina la mgeni lisomeke kama kwenye kitambulisho chake, na piga simu mapokezi siku chache kabla. Hyatt hawatozi ada ya risoti, ile ya huduma za hoteli inayoongezwa juu ya bei ya chumba, kwa usiku wa pointi, na Hilton vivyo hivyo ukilipa kwa pointi tupu. Marriott wanatoza pale hoteli inapokuwa na ada hiyo. Kodi na tozo za serikali ni habari nyingine, ulizeni kabla wazee hawajafika pale mezani.

Kama pointi zako hazitoshi, Hilton wanaruhusu watu hadi 11 kuchangia kapu moja. Ndugu zangu wa Columbus na Toronto tulichanga hivyo kwa safari nyingine. Ufukwe wa Shangani ni mdogo, una mashua na wapitaji. Anayetaka mchanga mweupe mrefu aende kaskazini.

Dereva Mstaafu

Naomba niwatahadharishe kuhusu hoteli moja ya Ghuba, jina naliweka kando. Tangazo lilisema ufukweni. Kati ya hoteli na mchanga kulikuwa na barabara kubwa, na chumba cha pointi kilitazama maegesho. Mke wangu anatembea kwa mkongojo, kuvuka ilikuwa adhabu. Siku hizi, kabla ya kubuku, nafungua ramani ya picha za setilaiti na kufuata njia kutoka mlangoni hadi majini. Halafu naandikia hoteli: chumba cha pointi kinatazama wapi, na kupandishwa hadi chumba kinachotazama bahari ni kiasi gani? Jibu la maandishi nalihifadhi. Dubai pia mjue ipo tozo ya utalii kati ya dirham 7 na 20 kwa chumba kwa usiku, nayo hailipwi kwa pointi.

Mmaskati

Assalamu alaykum jamani. Wazee wangu ni wa Unguja, mimi nipo Maskati. Huku pointi zina pa kwenda. Grand Hyatt na hoteli ya W, iliyo chini ya Marriott, zote zipo Shatti al Qurum, ufukwe wa watu wote: alfajiri watembeaji, jioni vijana wa mpira. Mama alipokuja kututembelea alipapenda kwa sababu alikuta wenziwe wanaongea Kiswahili palepale mchangani. Ukitaka utulivu, Al Bustan Palace, ya Ritz-Carlton chini ya Marriott, ipo peke yake kati ya majabali na bahari. Ilijengwa kwa ajili ya mkutano wa viongozi wa Ghuba wa mwaka 1985, na ufukwe wake ni mrefu. Mei hadi Agosti pointi zinazohitajika kwa chumba hushuka, lakini joto hupita nyuzi 40 na mchanga haukanyagiki mchana. Mimi nakwenda Novemba.

Mwana Tanga

Sheikh wa Maskati, na Salalah je? Nasikia Julai kule ni kijani na mvua ya manyunyu. Nina pointi za kampuni ya hoteli ya IHG na nataka kuwapeleka watoto waogelee.

Mmaskati

Ndugu yangu wa Tanga, Julai nenda ukaone milima, usiende kwa ajili ya kuogelea. Upepo huohuo mnaouita kusi ndio unaotuletea khareef, yaani majira hayo ya manyunyu, kuanzia Juni hadi Septemba, na bahari ya Salalah miezi hiyo inachafuka, mawimbi makubwa, kuingia majini ni hatari. Tena watu wa Ghuba yote humiminika, vyumba vinapanda. Kwa watoto angalia Oktoba mwishoni hadi Machi, maji yametulia. Pointi zako za IHG zinafaa Crowne Plaza, ipo ufukweni kabisa. Hilton nayo ipo ufukweni upande mwingine wa mji. Ila buku mapema, kwani wakati wa baridi ya Ulaya zinakuja ndege za kukodi na vyumba vya kawaida huondoka kwanza.