Mwekezaji anataka kulipwa kwanza kampuni ikiuzwa: nitie saini?

Muulizaji, Paje: Assalaam alaykum. Programu yetu inawaunganisha wakulima wa mwani na wanunuzi. Mwekezaji anatoa shilingi milioni 200 kwa asilimia 20 ya hisa, ila anataka arejeshewe fedha zake kwanza kampuni ikiuzwa.

Jibu, Malindi: Waalaykumu ssalaam, ndugu yangu. Sharti hilo ni la kawaida, lakini lipigie hesabu: mkiuza kwa milioni 300, yeye atachukua 200 nanyi mtagawana 100, ingawa mna asilimia 80. Nakusihi usikubali agawiwe tena katika kilichobaki.

Jibu, Chake Chake: Mfikirieni mapema atakayeinunua kampuni pia, maana huenda akawa mwekezaji wenu mwenyewe. Stripe, kampuni ya malipo ya mtandaoni iliyoinunua Paystack, kampuni ya malipo ya Nigeria, mwaka 2020, ilikuwa imekwisha kuwekeza humo tangu 2018.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Kifungu hicho nitakipeleka kwa wakili kwanza.