Nyanya za kitalunyumba: majani tele, matunda haba

Swali (Mukono): Wadau, nyanya zangu za aina ndefu zimepita mita moja, ni msitu mtupu. Nikate wapi?

Jibu: Ndugu, bakiza shina moja. Vunja machipukizi ya kwapani (yanayoota kati ya jani na shina) kila wiki kwa vidole yakiwa chini ya sentimita 5, umande ukishakauka. Yakikomaa huacha kidonda kikubwa, na magonjwa hupitia hapo. Shina lizungushie kamba iliyofungwa juu. Fundo la chini lilegee.

Jibu: Ukitumia mkasi, uchovye kwenye spiriti kila mche, mnyauko wa bakteria huhama na chombo. Majani ya chini ya kichala kinachoiva yatoe mawili matatu kwa mara. Ukizidisha, jua litababua matunda.

Jibu: Punguza yuria pia, mbolea hiyo ikizidi huleta majani tele! Na maua yakifunguka, tikisa kamba saa nne asubuhi chavua idondoke, maana ndani upepo ni mdogo.