Masika yanakaribia: banda la wachoraji lililo bondeni tuliandaeje?

Mchoraji_Kigogo
Wadau, habari za jioni. Tuna banda la kuchorea Kigogo, Dar es Salaam, upande wa bonde la Msimbazi. Ukuta wa tofali, paa la bati, sakafu ya saruji. Ndani kuna picha za rangi ya mafuta kwenye kitambaa na kwenye hadibodi, nyingine bado mbichi, pamoja na makopo ya rangi, thina, na kompyuta yenye picha za kazi zetu zote. Maji yakiingia usiku tuokoe nini kwanza? Na picha ikishalowa inaokoka, au ndiyo basi tena?

Fundi_Fremu
Mkuu, kazi kubwa ifanyike sasa, kabla ya Machi. Tafuta ukutani alama ya juu kabisa ya tope la mafuriko yaliyopita. Kama ukuta ulishapakwa rangi, waulize majirani. Panda nusu mita juu ya alama hiyo, rafu ya kwanza ianzie hapo.

Picha zilizokauka kabisa zitoe kwenye fremu, uziviringishe kwenye bomba la plastiki la inchi 6, upande wa rangi ukiwa nje. Rangi ikiwa ndani inabanwa na kufanya mikunjo isiyotoka. Wengi wanaharibu hapa: rangi ya mafuta ukiigusa kesho yake unaona imekauka, kumbe chini inabaki laini kwa wiki kadhaa. Ukiifunga na nailoni au gazeti inagandana nayo, na siku ya kubandua nailoni inaondoka na jicho la twiga. Tanguliza karatasi ya kuokea keki, nailoni ije juu yake. Picha mbichi usiiviringishe, ipandishe ilivyo.

Hadibodi hunywa maji kupitia kingo, na ikishavimba hairudi. Paka kingo zote nne na mgongo rangi hiyohiyo ya mafuta, mara mbili.

Usiku wenyewe: watu kwanza. Zima mein swichi kama bado unaifikia kwa miguu mikavu; ukishasimama kwenye maji, usiiguse. Kisha toa kazi za oda ambazo wateja wamelipia kianzio, halafu diski yenye picha. Makopo ya rangi yaliyofungwa vizuri yanavumilia maji, yaache. Galoni za thina ni nyepesi, zinaelea na kumwagika, kwa hiyo zifungwe kamba mapema.

Rangi_Mbili
Zikilowa si mnazianika juani tu? Saa mbili zimekauka.

Fundi_Fremu
Hapana ndugu, jua ndilo linalozimaliza. Kitambaa cha pamba kikilowa kinanywea, na kikikaushwa kwa haraka rangi inapasuka na kubanduka vipande vipande. Iache picha kwenye fremu yake. Tope likiwa bado bichi, limiminie maji safi taratibu bila kusugua. Vaa glavu na buti, maji yale yamechanganyika na ya vyoo. Ilaze chali juu ya chaga, kivulini, hewa ipite na chini. Feni ielekezwe ukutani, isiipulize picha moja kwa moja. Fanya haraka, kwa joto la Dar ukungu unaanza ndani ya siku 2.

Wenye vinyago vya mpingo nao hivyohivyo, kivulini na polepole. Kinyago kikikaushwa haraka kitapasuka kuanzia miishoni, maana huko ndiko unyevu unakotoka kwa kasi.

Mlinzi_wa_Karakana
Msisahau moto, hauna msimu. Matambara ya kufutia brashi, hasa yenye mafuta ya kitani, hutoa joto yanapokauka. Yakirundikwa kwenye kona joto halina pa kutokea, na yanaweza kuwaka bila kiberiti. Yatandazeni moja moja kwenye kamba nje, au yatumbukizeni kwenye kopo la bati lenye maji na mfuniko.

Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa. Unatambaa sakafuni hadi kwenye jiko la mkaa la mama wa chakula mlangoni, moto unarudi nao ndani. Wekeni ndani thina ya wiki moja tu, na kamwe isiwe kwenye chupa ya soda.

Nunueni mtungi wa kuzimia moto, wa unga, kilo 6, mshale wa kipimo chake uwe kwenye kijani. Utundikwe karibu na mlango, ili anayezima awe na njia ya kutokea mgongoni kwake. Thina ikiwaka msiimwagie maji, yanausambaza moto. Zimamoto ni 114.

Mchoraji_Kigogo
Asanteni sana wakuu. Na kompyuta?

Mlinzi_wa_Karakana
Nakala tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, moja mbali na banda, iwe mtandaoni au kwa ndugu aliye mkoani. Kila kazi ipigwe picha mbele, mgongoni na kwenye sahihi, iandikwe vipimo, bei na aliyeiagiza. Vyeti vya COSOTA (ofisi ya hakimiliki) na mikataba navyo vipigwe picha hivyohivyo. Diski ikikaa droo moja na kompyuta, mafuriko yatazichukua zote mbili.