Safari ya Mirihi: kutupa nguo, kufua, au kuvaa zinazovumilia?

Mpangaji_Mzigo: Chukulieni watu 4, miaka 3. NASA, shirika la anga la Marekani, inakadiria kilo 73 hivi za nguo kwa mtu kwa mwaka, yaani kilo 876. Kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga nguo chafu hupakiwa katika chombo cha mizigo kikaungua nazo angani. Njia ya Mirihi haina chombo hicho. Mnashauri nini? Na kuoga je?

Pampu_na_Bomba: Mashine ya kufua inawezekana, ila povu ndilo adui. Pasipo uvutano povu halipandi juu ya maji. Huchanganyika nayo, likiingia kwenye pampu, pampu inavuta hewa tupu. Maji nayo hayashuki, hung'ang'ania kitambaa, kwa hiyo ngoma ya mashine izunguke kwa kasi kukamua, kisha unyevu wa kukaushia ukusanywe. Sabuni iwe ya kuoza kabisa, kwa sababu maji yale yale yatasafishwa na kunywewa.

Chujio98: Naongezea: angalieni silikoni kwenye losheni na viondoa harufu. Hupaa hewani, huvunjika kuwa molekuli ndogo inayoyeyuka majini na kupenya vichujio. Mwaka 2010 ndiyo iliyopandisha kipimo cha kaboni kwenye maji ya kituo. Vitambaa vyenye spiriti pia vinaulemea mtambo wa kusafisha maji.

Taulo_Mbili: Kuoga, bafu sahau. Skylab, kituo cha anga cha Marekani, walikuwa nalo 1973: lita 2.8 tu za maji, lakini kufyonza matone baadaye kulikula muda mwingi mno. Taulo inatosha. Kamulia maji moto kidogo kidogo (ukibinya kwa nguvu yanaruka), weka sabuni isiyosuuzwa, anza usoni, malizia kwapa na kinena, jikaushe kwa taulo ya pili. Zote mbili zitundike penye upepo. Unyevu wake unarudi kwenye mtambo. Ukizifungia mfukoni umepoteza maji na umefuga ukungu.

Mpangaji_Mzigo: Na nguo zinazovumilia bila kufuliwa, je, tununue sufu tupu?

Pampu_na_Bomba: Sufu ya merino kwa fulana, ndiyo, inachelewa kunuka. Pamba inamwaga nyuzi zinazoziba vichujio vya hewa. Lakini nguo za mazoezi, yanayochukua muda wa saa 2 kila siku, hakuna kitambaa kitakachoyastahimili. Hizo ndizo za kufua.

Chujio98: Zifuliwe huko huko Mirihi basi. Uvutano wa asilimia 38 unatosha maji kutuama na povu kupanda. Njiani vaeni sufu, ngoma iende na mzigo wa makazi.

Taulo_Mbili: Halafu miezi ya kwenda mnaweka wapi bukta zenye jasho? Zikaushwe kwanza kabla ya kufungwa, la sivyo mfuko utavimba.