"Malalamiko yako hayana msingi": sababu ziko wapi?

Jamani, hili limezidi. Mtu wa Kisauni au Likoni apeleka malalamiko ofisi ya umma kwamba rekodi yake ya matibabu, picha ya mtoto wake au nambari yake ya kitambulisho imetolewa kwa asiyehusika. Aambatisha skrinshoti, tarehe, kila kitu. Miezi yapita, kisha yaja karatasi ya mistari mitatu: malalamiko yako yamechunguzwa, hayana msingi, faili imefungwa. Nani aliyechunguza? Alisoma nini? Alimwamini nani, na kwa nini? Hakuna hata neno. Ni dharau, tena ni kuvunja sheria, na kinachoniudhi zaidi ni kwamba wengi hapa Mombasa huikunja karatasi hiyo wakaitia kabatini wakidhani mambo yameishia hapo.

Ibara ya 47 ya Katiba yasema wazi: ambaye haki yake imeathiriwa, au yaelekea kuathiriwa, na hatua ya kiutawala ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Faragha ni haki iliyo katika Ibara ya 31. Kwa hivyo afisa asituambie jambo ni dogo. Kwa malalamiko yanayofika kwa Kamishna wa Data, yaani afisa anayesimamia Sheria ya Ulinzi wa Data, kanuni za 2021 za kushughulikia malalamiko hayo zimeyataja hata yanayotakiwa kuwemo ndani ya uamuzi: aina ya lalamiko, muhtasari wa mambo na ushahidi uliotolewa, uamuzi pamoja na sababu zake, na nafuu anayostahiki mlalamishi. Hicho ndicho kipimo changu kwa ofisi yoyote ya serikali inayojibu lalamiko la faragha.

"Hayana msingi" ni hitimisho tu. Kunakili maneno ya kifungu nako hakutoshi. Chukueni kifungu cha 51 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kile kinachosamehe matumizi ya data yaliyo ya lazima kwa usalama wa taifa au maslahi ya umma. Maofisa wakipenda hukitaja wakanyamaza. Lakini sheria yataka kutoa data huko kuwe kwa lazima, basi barua iseme ni data ipi, ilitolewa kwa shughuli gani, na kwa nini shughuli hiyo isingefanyika bila data ile. Ama idhini: kifungu cha 32 kimemtwika mkusanyaji data mzigo wa kuthibitisha kwamba ulikubali. Barua ikisema ulikubali, ionyeshe fomu, tarehe, sahihi, na ulichoelezwa wakati huo. Ikisema hukuleta ushahidi kwamba hukukubali, mzigo umegeuzwa na uamuzi una kasoro ya kisheria. Makosa ya namna hii hujificha vizuri sana ndani ya mistari mitatu.

Mwaka 2023 shule moja ya Nairobi ilipigwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Mzazi wa Changamwe akikataliwa kwa jambo linalofanana na hilo, ana haki ya kuambiwa lake linatofautiana wapi. Bila sababu, hata wakili hana pa kushika.

Kwa nini wafanya hivi? Aliyetia sahihi mara nyingi siye aliyechunguza. Karani atoa barua ya kiolezo, abadilisha jina na nambari ya kumbukumbu, na ndani ya faili hakuna maelezo yoyote ya jinsi uamuzi ulivyofikiwa. Wengine wadhani maneno yakiwa machache hawatashtakiwa. Wamekosea. Kifungu cha 6 cha sheria ya haki katika hatua za kiutawala ya 2015 chasema ofisi ikishindwa kutoa sababu, mahakama itachukulia kwamba uamuzi ulifanywa bila sababu nzuri, mpaka ofisi yenyewe ithibitishe vingine.

Basi iandikieni ofisi hiyo. Ukurasa mmoja watosha. Taja tarehe na kumbukumbu ya barua yao, taja kifungu hicho cha 6, kisha dai sababu za uamuzi, ripoti ya uchunguzi, majibu ya upande wa pili na cheo cha aliyeamua. Usianze kubishana upya kuhusu lalamiko lenyewe, maana watajibu ubishi na kuruka swali. Peleka nakala mbili masjala, moja ibaki kwao, ya pili ipigwe muhuri wenye tarehe urudi nayo. Wakigoma kupiga muhuri, tuma kwa rejista ya Posta na utunze risiti. Kuanzia siku ya kupokea wana miezi 3 ya kukupa sababu.

Hapo ndipo penye mtego, na wengi wanaumia. Uamuzi wa Kamishna hukatiwa rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku 30. Ukikaa kungoja miezi 3 ya sababu, siku za rufaa zimekwisha. Fungua rufaa kwa wakati na ukosefu wa sababu uwe hoja yako ya kwanza. Pamoja na hayo, omba nyaraka za faili kwa Sheria ya Kupata Habari ya 2016: muda wa kawaida wa kujibu ni siku 21, kwa hivyo ukiomba wiki ya kwanza waweza kuzipata kabla ya zile 30. Wanaweza kufunika majina ya watu wengine. Hoja zilizowafikisha kwenye uamuzi hawana ruhusa ya kuzifunika bila msingi wa kisheria.

Wakikuletea sababu mpya kabisa ndani ya hati ya kiapo baada ya kushtakiwa, mwambie wakili azipinge. Sababu inayodaiwa ni ile iliyokuwapo siku ya kuamua, si iliyotungwa na mawakili wa serikali baadaye.

NYONGEZA, kwa wanaouliza kama ni lazima kwenda mahakamani: kama ofisi ina ngazi ya ndani ya rufaa, pitieni kwanza, kwani kifungu cha 9 cha ile sheria ya 2015 chaitaka hivyo isipokuwa mahakama ikuruhusu kuiruka. Tume ya Haki za Kiutawala, ile iitwayo Ombudsman, hupokea malalamiko bila malipo. Mahakama nayo yaweza kuiamuru ofisi itoe sababu, na ombi la kutaka mahakama iupitie uamuzi latakiwa liamuliwe ndani ya siku 90.

Mwenye barua ya mistari mitatu aiweke hapa tuichambue. Ziba jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu na kumbukumbu ya faili kabla ya kuipandisha.