Tupeane uzoefu: Wimbo wa Kijapani wa mti wa baharini umekukumbusha nani?

Wakuu, kuna wimbo wa Chitose Hajime wa mwaka 2002, "Wadatsumi no Ki", yaani mti wa baharini. Mtunzi ni marehemu Gen Ueda. Mwimbaji, dada Chitose, katokea kisiwa cha Amami Oshima, kusini mwa Japani, na amekulia kwenye nyimbo za asili za huko. Msikilize mwisho wa mstari: sauti inavunjika, inarukia juu nyembamba, kisha inarudi kama haijaenda popote. Kwao inaitwa guin.

Kisa chenyewe: wawili wanashusha mashua ndogo usiku, mwezi una rangi ya kutu. Wanadhani wananyoosha, kumbe wanazunguka palepale. Miguu ya msichana inagusa mchanga chini ya bahari, nywele zinageuka matawi, anatoa maua. Anasema yuko hapo ili mwenzake asipotee, tena asimtafute.

Mimi hapo kwenye "asimtafute" ndipo ninapokwama. Nilimpenda mtu ambaye kila akigombana na mchumba wake ananipigia mimi nimshauri. Na nilimshauri vizuri, wakaoana. Leteni zenu za mapenzi ya upande mmoja.

mla_urojo: Mapenzi ya upande mmoja yako wapi hapo? Si mashuani wako wawili?

Mleta mada: Wanaondoka wawili mkuu, anayeota mizizi ni mmoja. Ndivyo ninavyousikia mimi.

pwani_hoyee: Huku Mombasa tumezoea taarab. Ukinyimwa pendo walalama, watia na kijembe, na jirani ajue ni yeye. Huyu hadai kitu. Anachoomba ni mawimbi yapunguze sauti kidogo, basi! Mara ya kwanza nilisema huyu mjinga. Sasa nauweka kila usiku nikikunja nguo, na aliyeniacha hata sitaki kumtaja.

chai_ya_rangi: Mimi ndiye niliyependwa, nikawa sioni. Kuna kaka ofisini alikuwa akiwahi kituoni ananishikia siti ya dirishani kwenye daladala, anaweka begi lake pale hadi nifike, konda anamtukana na yeye kimya. Alijua nina mchumba. Siku ya send-off yangu ndiye aliyehangaika na maturubai na viti tangu alfajiri, hata picha hakupiga. Nilidhani ni ukarimu tu, watu wa kwao wako hivyo. Nimesikiliza huu wimbo jana, nikaanza kuhesabu mambo.

mla_urojo: Duh. Haya, nimeelewa.

fundi_redio: Mkimpenda huyu tafuteni alivyoimba zile za asili zenyewe, anasindikizwa na sanshin tu, ala ya nyuzi 3 iliyowambwa ngozi ya nyoka. Mwaka 1996 alichukua tuzo kuu ya nyimbo za asili huko Amami, bado binti mdogo. Ile guin inasikika tupu, hakuna besi ya kuifunika.

pwani_hoyee: @chai_ya_rangi huyo kaka yuko wapi siku hizi?

chai_ya_rangi: Dodoma, ana mke na watoto. Tunasalimiana sikukuu.